Kuchagua mbegu ya nzi askari weusi: mwongozo kamili kwa mfugaji wa Mombasa

Mfugaji wa kuku wa Kisauni hachinji jogoo wa mbegu. Lakini mwache huyohuyo aanze kufuga nzi askari weusi: mabuu walionona ndio anaowachota kwanza kuwapa kuku, na waliosinyaa wanaobaki pembeni mwa beseni ndio wanaogeuka bundo, ile hatua ya kati ya buu na nzi, wakawa nzi, wakataga. Hakuna aliyekusudia, ila huo nao ni uchaguzi wa mbegu, tena wa kinyumenyume. Kwa joto la pwani mwaka mmoja una vizazi vinane hivi vya nzi hawa. Mchujo huo ukirudiwa mara nane, banda linabaki na ukoo wa mabuu wembamba, na lawama zinaangukia taka, joto, au yule aliyeuza mayai.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana kizimba kinachotaga na mabeseni yanayokula taka, na sasa anataka kizazi kijacho kizidi hiki. Hauhitaji maabara. Unahitaji mizani, daftari, na roho ngumu ya kutowauza wale mabuu unaowaonea fahari.

Saa ya mdudu

Nzi askari mweusi, Hermetia illucens kwa jina la kisayansi, asili yake ni mabara ya Amerika, ila leo yupo karibu kila pembe ya dunia yenye joto. Haumi, na akishakuwa nzi hasumbuki kutafuta chakula, maji yanamtosha. Nguvu za kuruka, kupandana na kutaga zote alijiwekea akiwa buu, kwa hiyo kazi kubwa ya kuchagua iko kwenye beseni.

Mayai huanguliwa siku ya 3 au ya 4. Mabuu hula kwa wiki mbili hivi, kisha hubadilika kutoka rangi ya maziwa kwenda hudhurungi hadi nyeusi, huacha kula na kutambaa kutafuta mahali pakavu. Bundo hukaa takriban wiki mbili. Nzi mwenyewe huishi wiki moja hivi, au zaidi kidogo akinyunyiziwa maji. Hupandana siku ya pili au ya tatu, na jike hutaga siku mbili baadaye fungu la mayai kama 500. Gramu moja ya mayai ina mayai 35,000 hadi 40,000. Zungusha yote hayo kwa hali ya hewa yetu, unapata siku 40 hadi 45.

Amua unatafuta nini

Chagua sifa moja na ushikamane nayo kwa vizazi vinne au zaidi. Anayetaka uzito, wepesi wa kukua, mayai mengi na uvumilivu wa joto kwa pamoja hapati hata kimoja, kwa sababu wadudu walio bora kwa mambo yote manne ni wachache mno kuwa wazazi. Mimi ningemshauri mfugaji mdogo aanze na uzito ndani ya muda uliowekwa: buu mzito kuliko wenzake, lakini aliyeiva pamoja na nusu ya kwanza. Uzito peke yake ni mtego. Buu anayechelewa kuiva huendelea kula na kunenepa, kwa hiyo ukitazama mizani bila kutazama kalenda utajikuta unajenga ukoo wa wavivu.

La pili la kuamua ni chakula cha majaribio, na hapa wengi huteleza. Taka unazopimia ndizo unazochagulia. Ukiwapima mabuu kwenye chakula cha kuku wa mayai, kisha ukawalisha maganda ya embe kutoka soko la Kongowea, umechagua wadudu waliokuwa hodari kwenye meza nyingine. Mombasa ina taka za namna yake: maembe, mapapai, matikiti na mboga za majani za masoko ya Kongowea na Marikiti; machicha ya nazi kutoka mikahawa na majumba yanayokuna nazi kila siku; maganda ya mihogo ya wakaanga krisps; matumbo ya samaki. Matunda yana maji mengi na protini kidogo. Machicha yana mafuta mengi na huchacha upesi. Matumbo ya samaki yana protini tele, na pia yana jirani atakayekuja mlangoni.

Tengeneza mchanganyiko mmoja unaofanana na unachopata mwaka mzima. Kwa mfano, kwa uzito: sehemu 6 za matunda na mboga zilizokatwakatwa, sehemu 2 za machicha ya nazi, sehemu 2 za pumba za mahindi kunyonya maji. Ukiufinya mkononi, matone machache tu yapenye kati ya vidole. Uchanganye wote kwenye pipa moja siku moja, ndipo ugawe. Beseni moja likipata embe na jingine likapata kabichi, utakuwa unapima embe na kabichi. Usiguse taka za gereji, za rangi, wala matope ya mitaro: mabuu hawa hukusanya kadimiamu mwilini, na kuku akiwala inaingia kwake.

Vifaa

Mabeseni madogo 30 ya ukubwa mmoja. Mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi miligramu. Chekecheo, chandarua cha kufunika, kalamu isiyofutika kwa maji, daftari. Meza au rafu ambayo kila mguu umesimama kwenye kopo la maji yenye sabuni, maana siafu na sisimizi humaliza beseni la mabuu wachanga usiku mmoja. Paa la makuti lina faida hapa kuliko mabati. Ukiwa na mabati, rafu ya juu itakuwa na joto kuliko ya chini na mabuu wa juu watakua haraka bila sifa yoyote ya urithi. Panga nafasi za mabeseni kwa kuokota namba, na uyahamishe kila siku mbili. Kunguru na mijusi hawahitaji maelezo.

Hatua ya kwanza: hesabu mama, usihesabu nzi

Kizimba chenye nzi 5,000 kinapendeza macho, lakini fungu moja ni mayai 500. Nzi hao wote wanaweza kuwa watoto wa majike 10 tu. Huu ndio ugonjwa wa mabanda madogo: umati ni mkubwa, ukoo ni mwembamba.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua idadi ya wazazi, madume na majike, zidisha kwa 2, kisha gawa 1 kwa jibu. Majike 5 na madume 5 ni wazazi 10, hivyo undugu wa damu unapanda kwa 1/20, yaani asilimia 5 kila kizazi. Baada ya vizazi vinane umefika asilimia 34. Kaka na dada wa tumbo moja wakipandana, watoto wao wana asilimia 25. Kumbe ndani ya mwaka banda zima limepita hapo bila mwenyewe kujua. Kwa majike 24 na madume 24 mambo hubadilika: asilimia 1 na kidogo kwa kizazi, asilimia 8 hivi kwa mwaka. Watafiti wa Afrika Kusini walichapisha mwaka 2020 habari ya koloni changa, yaani kundi jipya la nzi hawa wa kufugwa, lililoporomoka huku undugu ukipanda ndani yake.

Kwa hiyo lengo ni mafungu 30 ya kuanzia, ambayo utayachuja yabaki 24. Kama kizimba chako kilianzishwa na kijipakiti kimoja cha mayai, kabla ya yote nunua mengine kwa mtu mwingine. Muulize mbegu yake aliitoa wapi. Huenda mabanda mengi ya Kenya yalianzia mahali pachache, na muuzaji wa Kilifi na yule wa Kwale wanaweza kukuuzia ndugu wa damu kwa bei mbili tofauti.

Hatua ya pili: fungu moja, beseni moja

Funga pamoja vibao vitatu vyembamba vikiwa vimeachiwa nyufa kwa pini za ofisini katikati yake, viweke juu ya kijisanduku cha taka zinazonuka ndani ya kizimba. Jike hutaga kwenye ufa karibu na harufu, bila kuyaweka mayai kwenye taka zenyewe. Tatizo ni kwamba majike hupenda kutaga pale wenzao walipotaga, mafungu yakagusana. Weka vibao vingi, vikague kila baada ya saa chache, na fungu lililoungana na jingine liache liende kwenye uzalishaji wa kawaida.

Usichukue mafungu yote 30 siku ya kwanza ya kutaga, la sivyo unachagua waliowahi bila kujua. Chukua 10, kesho 10, keshokutwa 10. Kila fungu likwanguliwe taratibu kwa kisu chembamba, liwekwe juu ya karatasi ndani ya kikombe chenye chakula cha vifaranga kilicholowekwa, na kikombe kiandikwe namba. Funika kwa chandarua: nzi wa mwituni wakikuta harufu hiyo watakuja kutaga humo, na daftari lako litakuwa na watoto wasio wako.

Mabuu wakifika siku 5 tangu kuanguliwa, hamisha 300 kutoka kila kikombe hadi beseni lake. Hesabu 100 kwa mkono, wapime, kisha tumia uzito huo kupata 200 waliobaki. Idadi lazima ilingane, kwa sababu msongamano hubadilisha uzito kuliko damu inavyoweza: beseni lenye mabuu 150 litatoa mabonge hata kama mama yao alikuwa hafifu. Kipimo kinachotumika sana ni kilo 15 za taka mbichi kwa mabuu 10,000. Kwa mabuu 300 hiyo ni gramu 450. Ongeza hadi 600, maana beseni dogo hukauka upesi, na uigawe mara tatu.

Hatua ya tatu: chagua ndani ya kila beseni

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo huu. Mfugaji asiyeelekezwa humwaga mabeseni yote kwenye turubai moja na kuokota walio wakubwa. Ataokota nani? Watoto wa beseni tatu au nne zilizobahatika: zilizokaa penye joto zuri, zilizopata kipande cha samaki, zilizoanguliwa saa chache mapema. Ameua ukoo mzima wa wengine kwa sababu ya bahati ya mahali. Ukichagua ndani ya beseni, wanaoshindana ni ndugu waliokula chakula kimoja kwenye joto moja, na kinachobaki kuwatofautisha ni damu kwa kiasi kikubwa zaidi. Hata mafungu kutofautiana siku hakukudhuru tena.

Fanya hivi. Nusu ya mabuu wa beseni wakishageuka weusi, kabla ya jambo lingine chota kwa kijiko mabuu 50 bila kuwachagua, weusi kwa weupe, uwaweke kwenye chombo kingine na chakula kidogo wamalize kukua. Hao ni ukoo wa kulinganishia, na utaona thamani yao baadaye. Kisha chekecha wale weusi wa nusu ya kwanza, watandaze kwenye sinia, jicho litoe 70 walio wakubwa. Pima mmoja mmoja hao 70, weka 50 walio wazito. Andika wastani wa beseni zima, na wastani wa wateule.

Ukimaliza, linganisha mabeseni ya siku moja ya kutaga: katika kila 10, toa mawili ya mwisho kwa wastani. Ni hayo tu. Kishawishi cha kubakiza mabeseni matano bora na kutupa 25 kitakujia, na ukikifuata rudi usome hesabu ya undugu hapo juu. Umebaki na mabeseni 24, kila moja likitoa wateule 50, jumla 1,200. Ukoo wa kulinganishia nao utoe kwenye mabeseni hayohayo 24.

Hatua ya nne: mtego wa jinsia

Majike wa nzi hawa ni wazito kuliko madume, tangu wakiwa bundo. Ukichukua wazito tu, unachukua majike wengi, kizimba kinakosa madume, mayai hayarutubishwi, na wewe unadhani mbegu imeharibika. Madume nao hutangulia kutoka kwenye bundo kabla ya majike, kwa hiyo anayechagua waliowahi tu huangukia shimo la upande wa pili.

Dawa yake: wale 20 waliokosa nafasi katika kila beseni usiwatupe, wahifadhi kwenye chombo chao cha akiba chenye namba. Wateule wakianza kutoka, kagua nzi 50 alfajiri, wakati hawana nguvu ya kuruka na unaweza kuwashika kwa mkono. Ncha ya tumbo la jike ina mkia mwembamba wenye vidole viwili. Ya dume ni butu, imejikunja kama kishikio. Rudia ukaguzi siku chache zinazofuata, kwa kuwa siku ya kwanza madume watajaa hata palipo sawa. Jumla ya madume ikiwa chini ya theluthi moja, ongeza madume kutoka kwenye akiba, wakubwa kwanza, kutoka beseni nyingi kadiri inavyowezekana.

Ili waliotangulia wasife kabla ya wenzao, weka bundo kwenye sanduku lenye giza. Nzi walio gizani hutulia wala hawapandani. Wakishatoka wengi, wafungulie waingie kwenye kizimba chenye mwanga.

Hatua ya tano: kizimba, na pepo zetu mbili

Kwa nzi 1,200 kizimba cha chandarua cha mita moja kila upande kinatosha. Wanapandana kwa mwanga wa jua, hasa asubuhi. Kielekeze mashariki kipate jua la saa mbili hadi saa tano, halafu kivuli. Nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi ndizo zinazowafaa; zikipita 35 wanaanza kuteketea, na wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, chini ya mabati utafika huko kabla ya adhuhuri. Nyunyiza maji mara kadhaa kwa siku. Taa nyingi za majumbani hazichukui nafasi ya jua, kwa hiyo masika ya Aprili na Mei yakifunga mawingu siku tatu mfululizo, tarajia mayai machache. Ukoo wa kulinganishia uwe na kizimba chake, pembeni ya kile cha wateule.

Kizimba kimoja hapo kitakupa mafungu mia kadhaa. Utachukua 30 kwa nasibu kwa kizazi kijacho, na 10 hivi kutoka kwa ukoo wa kulinganishia, ulee yote kwenye meza moja, chakula kimoja, siku zilezile.

Je, umesonga mbele?

Mfugaji aliyeanza kuchagua wakati wa kusi, Julai, ataona mabuu wake wa Januari wanakua kwa kasi ya ajabu na kutangaza ushindi. Ni kaskazi hiyo. Joto limepanda, basi. Aliyeanza Januari naye akifika Julai atavunjika moyo bure. Ukoo wa kulinganishia unapitia joto na mawingu yaleyale, kwa hiyo tofauti kati yake na wateule ndiyo kazi yako halisi.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, wastani wa wote ulikuwa miligramu 150, na wateule walikuwa na wastani wa 180. Umewazidisha kwa 30. Kizazi kijacho watoto wa wateule wanapata 166, na watoto wa ukoo wa kulinganishia, kwa kuwa hali ya hewa imekuwa nzuri, 160. Faida yako ni 6, wala si 16. Gawa 6 kwa 30, unapata 0.2: sehemu moja kati ya tano ya ubora uliouona kwa wazazi ndiyo iliyorithiwa. Usimwamini kizazi kimoja. Jumlisha vinne ndipo useme. Jumla ikikaribia sifuri, ama sifa hiyo hairithiki sana kwenye taka zako, ama mabeseni hayakulingana idadi. Anza kukagua la pili.

Sambamba na uzito, angalia kuanguliwa. Kila kizazi weka mafungu machache kando, ona ni yapi yameanguliwa vizuri na yapi yamebaki makavu. Uzito ukipanda huku kuanguliwa kukishuka, na ukoo wa kulinganishia ukiwa salama, unalipia ukubwa kwa uzazi. Punguza ukali, chukua 80 kwa beseni badala ya 50. Koo zote mbili zikishuka pamoja, tazama joto, mwanga na chakula kabla ya kulaumu damu.

Damu mpya

Baada ya vizazi sita hadi vinane ingiza wageni, lakini si moja kwa moja. Lea mayai ya wageni kando kizazi kimoja uone kama wana afya, kisha pandisha madume wao na majike wako kwenye kizimba cha pembeni, na watoto wao wapite kwenye mabeseni na mizani kama wengine. Nzi wa mwituni unaweza kuwanasa kwa ndoo ya taka zilizochacha yenye vipande vya boksi juu yake, ila wengi wao hawajazoea kupandana kizimbani. icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, kimefundisha wafugaji wengi nchini na ni mahali pazuri pa kuuliza mbegu.

Mabuu wa kulisha kuku au samaki wachemshwe kidogo kabla ya kukaushwa, na ukitaka kuuza kibiashara pitia viwango vya KEBS (shirika la viwango la Kenya) vya wadudu wa malisho. Mayai yanayobaki baada ya kutoa mafungu 30 ndiyo ya uzalishaji na ya soko. Kwenye pakiti andika kizazi na taka mliyowalisha, kwa kuwa mnunuzi wa Malindi mwenye machicha ya bia hana hakika ya kupata uzito ulioupata wewe kwa maembe ya Kongowea, na akiuliza ni haki yake ajibiwe kwa takwimu za daftari.